Utafiti wa lenzi za macho kliniki: hatua kwa hatua, kuanzia swali hadi saa kumi na mbili jioni

Lenzi ya kuvaa juu ya jicho lenyewe inaweza kukaa vizuri kabisa saa nne asubuhi, mtu akiwa kwenye kiti cha kliniki na feni inazunguka. Jioni akishuka kwenye boda pale Nateete, Kampala, vumbi usoni na moshi wa taksi puani, lenzi ile ile inamchoma kama pilipili. Tafiti nyingi ndogo za lenzi hupima asubuhi ile tu, kisha zinaandika kwamba lenzi "inafaa". Kukaa vizuri ni jambo moja, kufanya kazi vizuri ni jingine, na utafiti unaostahili kusomwa unapima yote mawili.

Nimewaandikia wanafunzi wa optometria wanaotafuta mada ya tasnifu, maofisa wa macho wa hospitali za mikoani, na yeyote mwenye kliniki Kampala, Mbarara au Arua ambaye amechoka kuwachagulia wagonjwa lenzi kwa maneno ya muuzaji.

Hatua ya 1: Swali moja, lenye saa na mahali

"Lenzi ipi ni bora?" ni swali la dukani. La utafiti linataja ni nani, kinalinganishwa nini, unapima nini na lini. Kwa mfano: kwa watu wazima wa Kampala wenye miopia (kutoona mbali) ya −1.00 hadi −6.00 ambao hawajawahi kuvaa lenzi, je, lenzi ya siku moja ya silikoni haidrojeli (haidrojeli ni plastiki laini inayonywa maji; silikoni huisaidia kupitisha hewa zaidi) inawapa raha zaidi saa kumi na mbili jioni kuliko ya haidrojeli ya kawaida, baada ya kuivaa mwezi mmoja?

Ili uulize swali kama hilo lazima ujue lenzi zenyewe zilikotoka. Otto Wichterle, mwanakemia wa Chekoslovakia, alitengeneza lenzi laini za haidrojeli nyumbani kwake mwaka 1961, na Marekani ikaziruhusu kuuzwa mwaka 1971. Shida yake ilikuwa hewa. Konea, kioo cha mbele cha jicho, haina mishipa ya damu, kwa hiyo hupata oksijeni yake kutoka hewani, na lenzi inakaa njiani kama mlango. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walitoa vipimo ambavyo bado tunavitaja: upitishaji wa oksijeni (Dk/t) wa takriban 24 kwa lenzi ya mchana, na 87 kwa lenzi ya kulala nayo, konea isivimbe kupita kawaida. Silikoni haidrojeli zilizoingia sokoni mwaka 1999 zilivuka kiwango hicho cha pili. Watu wakadhani na maambukizi yatapungua. Hayakupungua. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba anayelala na lenzi yuko hatarini karibu mara kumi kuliko anayezivua usiku, iwe silikoni au siyo.

Kama kliniki yako inapokea vijana wengi wenye macho ya kuwasha tangu utotoni, wanaosugua macho mpaka konea inachongoka, swali lako huenda liko kwenye lenzi ngumu zinazopitisha hewa au lenzi za sklera, zile kubwa zinazokalia weupe wa jicho. Binafsi ningependa kuona tafiti nyingi zaidi za aina hii hapa Uganda. Mwenye miopia ya kawaida miwani inamtosha. Mwenye keratokonasi, yaani konea iliyochongoka, miwani imeshamshinda, na lenzi ndiyo inayomrudisha darasani.

Hatua ya 2: Ruhusa, mapema kuliko unavyofikiri

Itifaki inaanzia kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, halafu inasajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Hospitali nayo ina barua yake ya kukuruhusu kuingia. Ukijaribu bidhaa mpya, hasa maji ya kusafishia au matone yenye dawa, peleka swali kwa Mamlaka ya Dawa, NDA, kabla hujaagiza chochote. Jaribio la kulinganisha lenzi lisajiliwe pia kwenye sajili ya umma kama ile ya Afrika nzima, PACTR, kabla mshiriki wa kwanza hajaingia.

Picha za jicho na namba za simu ni taarifa za siri chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zisikae kwenye simu yako pamoja na picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya binamu.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaitumia kugombana nyumbani. Kampala hiyo inaweza kuwa Luganda. Arua inaweza kuwa Kilugbara. Miongoni mwa wakimbizi wa Kongo walioko kambi ya Nakivale mara nyingi ni Kiswahili. Na iseme wazi jambo ambalo watafiti hulikwepa: utafiti ukiisha, lenzi zitatoka wapi? Tutarudi hapo.

Hatua ya 3: Hesabu ya washiriki

Usiseme "nitachukua 30 kwa sababu kila mtu huchukua 30." Amua kwanza ni tofauti gani ingekufanya ubadilishe lenzi unayompa mgonjwa. Tuseme ni alama 10 kwenye mizani ya raha ya 0 hadi 100. Tuseme pia kwamba tofauti kati ya lenzi mbili kwa mtu yule yule hutawanyika kwa alama 20 hivi. Kwa muundo ambapo kila mtu anavaa lenzi zote mbili kwa zamu, na nguvu ya utafiti (uwezo wa kuikamata tofauti iliyopo) ya asilimia 80, hesabu ni 7.84 (namba ya fomula kwa nguvu hiyo na uhakika wa asilimia 95) mara 400 (20 mara 20), gawanya kwa 100 (10 mara 10). Unapata watu 32. Ongeza watakaopotea, na hapa mjini watapotea: ukikadiria mmoja kati ya watano, unaandikisha 40.

Neno ni watu, si macho. Mtu mmoja ana macho mawili yanayofanana kama mapacha, na kuhesabu watu 40 kama macho 80 kunayapa matokeo yako uhakika usiokuwepo. Chagua jicho moja kwa kila mtu kabla ya kuanza, au tumia mbinu za takwimu zinazotambua kwamba macho hayo yana mwenyewe mmoja.

Hatua ya 4: Nani aingie

Pima kuona kwa chati ya herufi ya logMAR, pima miwani, kisha mchunguze kwa sliti lampu, darubini yenye mwanga mwembamba. Geuza kope la juu kila mara. Usipoligeuza hutaona vinundu vya mzio, na mtu mwenye mzio unaowaka atakuharibia data na wewe utamharibia macho. Muda wa machozi kukatika upimwe pia, maana jicho kavu kabla ya lenzi litakuwa kavu zaidi nayo.

Muache nje mwenye maambukizi, mwenye kidonda cha konea, na anayelazimika kulala na lenzi kwa sababu ya zamu za usiku. Muulize pia kuhusu maji. Anayeishi pahali ambapo sabuni na maji ya kunawa havipatikani kila asubuhi hafai kuingia, na umwambie sababu bila kumwaibisha.

Hatua ya 5: Kupima na kuvalisha

Hii ndiyo sehemu yenye mambo mengi, kwa hiyo twende polepole.

Anza na keratometa, kifaa cha kupima mviringo wa konea. Konea ya diopta 43 ina mviringo wa milimita 7.85 (gawanya 337.5 kwa diopta). Pima na upana wa konea kwa mlalo. Wastani unaotajwa vitabuni ni kati ya milimita 11.5 na 12. Andika vipimo vya kila mtu hata kama kiwanda kimekuletea lenzi ya saizi moja, kwa sababu saizi hiyo ilichaguliwa kwa macho ya kwingine, na jedwali la macho ya watu wako ni matokeo yenye thamani hata kama lenzi zenyewe hazitatofautiana.

Kisha badilisha namba ya miwani. Miwani hukaa milimita 12 hivi mbele ya jicho, lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe, na kuanzia diopta 4 tofauti hiyo ina maana. Miwani ya −6.00 inakuwa −5.60 kwenye konea, kwa hiyo unachukua lenzi ya −5.50. Anayeruka hatua hii anampa mtu lenzi kali kupita kiasi, halafu analaumu lenzi kwa maumivu ya kichwa.

Vaa lenzi, mwache mtu akae dakika 15. Washiriki wote wasubiri dakika zile zile. Ukimpima huyu baada ya tano na yule baada ya ishirini, unalinganisha saa na si lenzi. Kwenye sliti lampu angalia mambo haya:

Je, lenzi imefunika konea yote na kuvuka ukingo wake kwa milimita 1 hivi pande zote, hata mtu akitazama juu na pembeni?

Akipepesa, inasogea kiasi gani? Kwa lenzi laini, milimita 0.2 hadi 0.4 ni sawa. Isiyosogea kabisa inafungia takataka na machozi machafu chini yake. Inayoteleza sana inakwaruza kope na kuona kunapepesuka.

Halafu jaribio la kusukuma, ambalo kwa maoni yangu linakuambia mengi kuliko yote. Mwambie atazame mbele. Weka kidole kwenye kope la chini, sukuma ukingo wa lenzi juu kwa kutumia kope hilo, kisha achia na utazame inavyorudi. Iliyogoma kusogea ni asilimia 100 ya kubana. Inayoshuka yenyewe bila msaada wa kope ni 0. Inayosogea kwa urahisi na kurudi kwa utulivu iko karibu na 50, na kati ya 40 na 60 unaweza kuikubali. Kabla ya utafiti kuanza, wewe na mwenzako wapimeni watu kumi wale wale kila mmoja kivyake, mlinganishe. Mkikuta huyu anaandika 45 na yule 70 kwa jicho moja, kaeni chini mpatane, utafiti usianze.

Lenzi ngumu zina kanuni zake. Weka fluoresini (rangi inayong'aa), washa mwanga wa bluu, weka kichujio cha njano, na usome rangi: kijani kinachong'aa ni machozi yaliyojaa, weusi ni mahali lenzi inapogusa. Kusogea kwa milimita 1 hadi 2 ni kawaida. Lenzi ya sklera haitakiwi kugusa konea hata kidogo; ukiivalisha ikiwa na nafasi ya maikroni 250 juu ya konea, kumbuka itadidimia ndani ya saa chache na kupoteza karibu 100, kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake kinadanganya. Kwa lenzi laini, fluoresini iwekwe lenzi ikiwa imevuliwa, kwa maana inainywa na kubaki njano.

Alama za jicho, yaani wekundu, madoa kwenye konea, mishipa inayoingia ukingoni na vinundu vya kope, ziandikwe kwa mizani moja toka mwanzo hadi mwisho. Mizani ya picha ya Efron, ya 0 hadi 4, inafaa, na ukiigawa kwa sehemu za kumi (1.3, 1.4) utaona mabadiliko madogo ambayo namba nzima huyameza. Bandika picha zake ukutani kando ya sliti lampu. Ukitegemea kumbukumbu, mgonjwa wa ijumaa jioni atapata alama tofauti na wa jumatatu.

Hatua ya 6: Kugawa na kuficha

Nani aanze na lenzi ipi iamuliwe kwa bahati nasibu iliyoandaliwa na kompyuta na kufungwa kwenye bahasha, na mtu asiyehusika na upimaji. Katikati ya lenzi ya kwanza na ya pili weka wiki moja ya miwani.

Vifurushi vya lenzi za siku moja vina jina la kampuni. Mshiriki asiyeona jina anajibu kwa jicho lake. Bandika karatasi juu, andika A na B. Anayepima asijue, anayefundisha kuvaa anaweza kujua, ili mradi wasiwe mtu mmoja. Kwenye kliniki ya watu wawili hilo ni gumu. Tafuta mwanafunzi.

Hatua ya 7: Kufundisha

Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa, ndipo uguse lenzi. Maji ya bomba yasiiguse kamwe, wala ya kisima, wala yaliyochemshwa kwa ajili ya kunywa, wala ya chupa. Vijidudu vya akanthamiba huishi majini, na kidonda chake cha konea hutibiwa kwa miezi. Kwa lenzi zisizo za siku moja, kasha limwagwe kila siku na maji ya kusafishia yawekwe mapya, si kuongezea juu ya yale ya jana. Asioge nazo, asiogelee nazo Entebbe, asilale nazo hata kwenye basi la usiku la kwenda Kabale.

Usimwachie aondoke mpaka amevaa na kuvua mwenyewe mara tatu mbele yako. Wengine hushinda dakika arobaini na tano. Vumilia, mpe soda.

Hatua ya 8: Jioni

Ziara ya wiki moja, ya mwezi mmoja, na ya miezi mitatu ukiweza. Zote mshiriki aje akiwa amevaa lenzi kwa saa sita au zaidi. Hii ina maana kliniki ifunguliwe jioni, na mlinzi alipwe, na nauli ya kurudi itumwe kwa simu siku hiyo hiyo. Weka gharama hizo kwenye bajeti, hata kama zitakulazimisha kupunguza vifaa.

Kati ya ziara, ujumbe mfupi mara tatu kwa siku katika siku chache zilizochaguliwa: akishavaa, mchana, na kabla ya kuvua. Maswali yawe machache. Raha ni ngapi kati ya 0 na 100? Unaona vizuri kiasi gani, 0 hadi 100? Umevaa saa ngapi, na saa ngapi kati ya hizo zilikuwa za raha? Raha hushuka kadiri siku inavyosonga, na mteremko wenyewe ndio matokeo yako makuu. Lenzi mbili zikianza zote kwenye 90 asubuhi, moja ikafika jioni na 80 na nyingine 55, hutahitaji kuelezwa ipi umpe muuza nguo wa soko la Owino.

Dodoso la CLDEQ-8, lenye maswali manane ya dalili, linafaa kwa ziara za kliniki. Alama 12 na zaidi zinaashiria kwamba mtu anasumbuka. Litafsiriwe, lirudishwe kwenye lugha ya asili na mtu mwingine, kisha lijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kulitegemea.

Namba peke yake hazitoshi, kwa sababu wagonjwa wetu wana adabu. Mazungumzo ya simu huwa hivi:

"Dada, habari za jioni. Lenzi zikoje leo?"

"Ziko sawa tu, daktari. Asante sana."

"Bado umezivaa?"

"Hapana."

"Ulizivua saa ngapi?"

"Saa nane. Zilikuwa zinachoma, nikaweka miwani. Lakini ziko sawa."

Kama ungeishia kwenye swali la kwanza, ungeandika "sawa". Aliyevaa saa moja asubuhi na kuvua saa nane mchana amevaa saa saba, na jibu lake la kweli ni hilo. Basi uliza alichofanya kabla ya kuuliza alivyojisikia, na anayeuliza asiwe yule aliyempa lenzi za bure.

Hatua ya 9: Usalama

Kila mshiriki apewe kadi yenye namba inayopokewa usiku na mchana, na maneno haya: jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga, likitoa usaha au kuona kukififia, vua lenzi, usiitupe, njoo leo. Lenzi na kasha vinaweza kuoteshwa maabara.

Asiweke matone ya duka la dawa. Baadhi ya matone yanayouzwa bila cheti yana steroidi, dawa inayopunguza kinga ya jicho, na steroidi juu ya fangasi ni petroli juu ya moto. Utafiti uliofuatilia wagonjwa wa vidonda vya konea kusini-magharibi mwa Uganda kati ya 2016 na 2018 ulikuta fangasi kwa zaidi ya nusu yao, na wengi walikuwa wamepitia dawa za kienyeji kwanza. Kwa hiyo panga mapema na daktari bingwa wa macho wa Mulago, Mengo, Ruharo au hospitali iliyo karibu nawe, nani atampokea mshiriki wako na nani atalipa.

Usije ukaandika "lenzi ni salama" kwa kuwa hakuna aliyeumwa. Maambukizi ya konea kwa wavaaji wa lenzi laini za mchana ni kama watu 2 hadi 4 kati ya 10,000 kwa mwaka. Ungehitaji kufuatilia watu 2,500 mwaka mzima au zaidi ndipo utarajie mmoja. Ukiwa na 40 na tukio sifuri, gawanya 3 kwa 40: kikomo cha juu cha hatari uliyoshindwa kuikanusha ni asilimia 7.5. Andika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 10: Kuchanganua na kufunga

Linganisha kila mtu na yeye mwenyewe. Wote walioandikishwa wahesabiwe kwenye kundi walilopangiwa, pamoja na walioacha. Kila aliyeacha awe na sababu yake mbele ya jina la siri: macho makavu, hakuona vizuri, alihama, simu haipatikani. Waliokimbia lenzi B kwa sababu ya kuchoma wakiondolewa kwenye hesabu, lenzi B itaonekana nzuri kwa kuwa waliobaki ni wavumilivu.

Ripoti ichapishe tofauti yenyewe na mipaka yake ya uhakika, siyo thamani ya p pekee. Taja hali ya hewa ya miezi mliyofanya kazi, kwa kuwa Februari ya vumbi na Aprili ya mvua ni macho mawili tofauti.

Sasa lile la lenzi za baadaye. Mwenye miopia unamrudishia miwani yake, na uwe umempimia mpya siku ya kwanza ili asibaki bila kitu. Mwenye keratokonasi aliyeona ubao kwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu hawezi kunyang'anywa. Kabla hujamwandikisha, pata maandishi kutoka kwa kampuni, hospitali au mfadhili kwamba lenzi zake mbili, maji ya kusafishia na ziara zake vitaendelea kwa muda uliotajwa kwa miezi, siyo "kadiri itakavyowezekana". Karatasi hiyo iambatanishwe kwenye itifaki unayopeleka kamati ya maadili, na nakala moja apewe mzazi.